Kutoka jaani hadi sahani: Je, wajua kiasi cha risasi unachokula?

Na MWANDISHI WETU

NENO risasi likitajwa, wengi wetu hufikiria bunduki. Lakini risasi ni jina la madini kwanza, yale mazito ya rangi ya kijivu ambayo huyeyuka upesi yakitiwa motoni. Fundi wa redio huyatumia kulehemu nyaya. Mvuvi huyafunga kwenye wavu ili uzame. Na betri ya gari unaloabiria kila asubuhi kwenda kazini imejaa madini hayo: zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi tupu.

Risasi ya bunduki hulia. Hii nyingine huingia mwilini kimya kimya, kupitia vumbi, maji na chakula. Inapokuja kugunduliwa, mara nyingi huwa imekwisha kuharibu ubongo wa mtoto, na uharibifu huo hauna dawa ya kuurudisha nyuma.

Makala haya yanakueleza, msomaji, jinsi sumu hii inavyosafiri kutoka jaa la taka hadi mezani pako, sheria ambazo serikali imeweka ili kuikatiza safari hiyo, na mahali ambapo sheria hizo zina pengo ambalo huna budi kuliziba mwenyewe.

Sumu isiyo na haraka

Wakenya wanaijua vizuri sumu inayoua upesi. Mwaka 2004, mahindi yaliyoingia ukungu wa aflatoksini yaliwafanya watu 317 kuugua, hasa Makueni na Kitui. Kati yao 125 walifariki. Kila mtu aliona kwamba kuna jambo baya lililotokea, kwa sababu makaburi yalikuwa mapya na mahindi yalikuwa bado ghalani.

Sumu ya risasi haifanyi hivyo. Mwili huidhania kuwa kalsiamu, yaani yale madini ya maziwa na omena ambayo hujenga mifupa. Kwa hivyo huipokea na kuihifadhi ndani ya mifupa, nayo hukaa humo kwa makumi ya miaka.

Mwanamke anapopata mimba au anaponyonyesha, mwili wake huchota kalsiamu kutoka mifupani ili kumjenga mtoto. Risasi iliyokuwa imelala humo huamka na kufuatana nayo. Hii ina maana kwamba msichana aliyecheza katika vumbi la sumu akiwa na umri wa miaka mitano anaweza kumrithisha mtoto wake sumu hiyo miaka 20 baadaye, hata kama alihama mtaa huo zamani.

Watoto ndio wanaoumia zaidi. Mtu mzima akimeza sehemu kumi za risasi, mwili wake hufyonza moja hivi. Nyingine hutoka chooni. Mtoto mchanga hufyonza nne au tano. Isitoshe, mtoto hutambaa, huokota na kutia vidole mdomoni siku nzima. Na akiwa na njaa, au akikosa chakula chenye madini ya chuma na kalsiamu, tumbo lake hufyonza zaidi. Ndiyo maana sumu hii huwaandama watoto wa maskini kuliko wa matajiri.

Ni dalili gani utakazoziona? Kuumwa na tumbo, kufunga choo, kukosa hamu ya kula, uchovu, upungufu wa damu, hasira zisizo na sababu. Kiasi kikiwa kikubwa sana, mtoto hupata degedege, huzirai na anaweza kufa. Kwa watu wazima kuna shinikizo la damu, maradhi ya figo na mimba kuharibika.

Hata hivyo, watoto wengi walio na risasi mwilini hawana dalili yoyote. Mtoto hujifunza polepole tu, husahau, hawezi kutulia. Mwalimu atasema hana bidii. Mzazi atasema ni mtundu. Ni kipimo cha damu pekee kinachoweza kusema ukweli.

Wataalamu hupima risasi kwa mikrogramu katika kila desilita ya damu. Mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Nchini Marekani, kiwango cha kuwashtua madaktari kilikuwa 10 mwaka 1991, kikateremshwa hadi 5 mwaka 2012, na tena hadi 3.5 mwaka 2021. Kila uchunguzi mpya ulionyesha madhara katika kiasi kidogo zaidi. Shirika la Afya Duniani, WHO, nalo lilitoa mwongozo mwaka 2021 kwamba mtu akipatikana na 5 au zaidi, sharti chanzo kitafutwe na kuondolewa. Shirika hilo linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Mwaka 2020, shirika la watoto la Umoja wa Mataifa, UNICEF, pamoja na shirika la Pure Earth lilikadiria kwamba mtoto mmoja kati ya watatu ulimwenguni, yaani kama watoto milioni 800, ana kiasi hicho cha 5 au zaidi katika damu yake. Wengi wao wanaishi katika nchi kama zetu.

Safari huanzia jaani

Risasi haioti kwenye sukuma wiki. Huletwa huko na takataka zetu wenyewe: betri zilizokufa, rangi za zamani, vyombo vya elektroniki vilivyotupwa, majivu ya taka zilizochomwa.

Mwaka 2007, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake ni hapa Nairobi, lilichapisha uchunguzi kuhusu jaa la Dandora. Watoto na vijana 328 wanaoishi karibu na jaa hilo walichunguzwa. Nusu yao walipatikana na risasi ya mikrogramu 10 au zaidi katika kila desilita ya damu. Kumbuka kwamba hicho ni mara mbili ya kiwango ambacho WHO inataka hatua zichukuliwe.

Jaa la Dandora liko kando ya Mto Nairobi. Mvua ikinyesha, maji hupitia kwenye lundo na kuteremka mtoni. Chini ya hapo, kama vile Maili Saba, wakulima wadogo wamekuwa kwa miaka mingi wakinyunyizia mboga maji ya mto na maji taka, kwa sababu ndiyo maji waliyo nayo wakati wa kiangazi na yana rutuba. Mboga hizo huuzwa mijini. Mama mboga hana njia ya kujua zimetoka wapi, nawe mnunuzi huna pia.

Kisa kilichowaamsha Wakenya, lakini, kilitokea Mombasa. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007, ukuta wake ukipakana na nyumba za watu. Moshi ulitua kwenye mabati ya nyumba, na mabati hayo ndiyo yaliyokingia watu maji ya mvua. Maji machafu kutoka kiwandani yalipita mitaroni katikati ya makazi.

Mwaka 2009, Bi Phyllis Omido aliajiriwa katika kiwanda hicho. Muda si muda mtoto wake aliugua. Madaktari kwanza walishuku malaria na homa ya matumbo, lakini dawa hazikumsaidia. Kipimo cha damu ndicho kilichofichua risasi. Bi Omido aliacha kazi na kuanza kuwapigania wakazi, akaunda shirika la kutetea mazingira, na mwaka 2015 akatunukiwa tuzo ya kimataifa ya Goldman. Kiwanda kilikuwa kimefungwa mwaka 2014.

Sumu hiyo haikufungwa pamoja na kiwanda. Mwaka 2015 watafiti walipima damu ya watoto wa chini ya miaka mitano wa Owino Uhuru na kuwalinganisha na watoto wa mtaa jirani wa Bangladesh. Owino Uhuru, watoto 45 katika kila 100 walikuwa na kiwango cha 5 au zaidi. Mtaa wa Bangladesh walikuwa 15. Kiwanda kilikuwa kimya, lakini udongo ulikuwa bado unaongea.

Wakazi walikwenda kortini mwaka 2016. Mnamo Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni, na lawama zikagawanywa kati ya waendeshaji wa kiwanda na asasi za serikali zilizopaswa kukizuia. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaifuta fidia hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Hesabu mwenyewe, msomaji: mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipoanza alikuwa na umri wa miaka 17 siku hukumu hiyo ya mwisho iliposomwa.

Sisi tuna nafuu kidogo tukijilinganisha na wenzetu. Katika mtaa wa Thiaroye-sur-Mer jijini Dakar, Senegal, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 kwa sababu ya udongo wenye risasi kutoka kwa betri kuukuu. Katika jimbo la Zamfara, Nigeria, watoto zaidi ya 400 walifariki katika mkasa uliogunduliwa mwaka 2010. Huko wachimbaji dhahabu walikuwa wakisaga mawe yenye risasi nyumbani, wengine kwa mashine zile zile za kusagia unga wa chakula.

Sheria zasemaje?

Si kweli kwamba Kenya haina sheria. Tunazo nyingi.

Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ilipitishwa mwaka 1999 na ndiyo iliyozaa mamlaka ya mazingira, NEMA. Kanuni za mwaka 2006 kuhusu usimamizi wa taka zinaorodhesha taka hatari na kusema kwamba hakuna anayeruhusiwa kuzisafirisha wala kuzitupa bila leseni. Chombo cha kuwekea taka hizo sharti kiandikwe onyo na kiwekwe picha ya fuvu la kichwa na mifupa. Kanuni nyingine za mwaka huo huo zinaweka viwango vya maji yanayotoka viwandani na maji ya kunyunyizia mimea.

Mwaka 2022 Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka. Jambo kubwa katika sheria hiyo ni kwamba anayetengeneza au kuagiza bidhaa anawajibika kwa bidhaa hiyo hata baada ya wewe kuitupa. Aidha, inawataka wananchi kutenganisha taka: zinazooza kando, zisizooza kando, na zile za hatari kando.

Kuna pia Mkataba wa Basel wa mwaka 1989, ambao Kenya ni mwanachama. Mkataba huo unazuia nchi tajiri kutupa taka zao za sumu katika nchi maskini bila ya nchi hizo kujulishwa na kukubali.

Upande wa chakula, kuna Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, ambayo inakataza kuuza chakula chenye sumu. Na kuna shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, lililoanza kazi mwaka 1974. Hili ndilo linalotoa ile alama ya ubora unayoiona kwenye pakiti ya unga au chupa ya maji. Viwango vingi siku hizi ni vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na kwa jumla hufuata vile vya Codex, tume iliyoundwa mwaka 1963 na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya.

Namba na maana yake

Namba za viwango huwachosha watu wengi, lakini usiziruke. Zinakuhusu.

Codex inasema mboga za majani zisipite miligramu 0.3 za risasi kwa kila kilo. Nafaka zisipite 0.2. Nyama isipite 0.1. Maziwa yasipite 0.02. Maji ya kunywa, kwa kiwango cha WHO na cha Afrika Mashariki, yasipite miligramu 0.01 kwa lita.

Miligramu 0.3 ni kiasi gani? Chukua punje za chumvi laini ya mezani. Punje tano hivi zina uzito huo. Punje hizo tano zikiwa ni risasi, na zikitawanywa katika kilo nzima ya sukuma wiki, tayari mboga hiyo imefika ukingoni. Maziwa yamewekewa kiwango kikali zaidi kwa sababu watoto ndio wanaoyanywa kila siku.

Sasa sikiliza jambo ambalo haliandikwi kwenye pakiti. Kiwango si ahadi kwamba chakula kilicho chini yake hakina madhara. Zamani wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliweka kiasi ambacho mtu angeweza kula kwa juma bila wasiwasi: mikrogramu 25 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mwaka 2010 walikifuta kiasi hicho, wakisema hakiwezi kumlinda mtu, na hawakuweka kingine mahali pake. Viwango vilivyopo leo ni mpaka ambao mkulima na mwenye kiwanda wanaweza kuufikia wakifanya kazi kwa uangalifu.

Namba pia zinahitaji mtu mwaminifu wa kuzisoma. Utakumbuka Juni 2018, wakati wa msako wa sukari ya magendo, mawaziri wawili wa serikali moja walipotoa maelezo yaliyopingana kuhusu ikiwa sukari hiyo ilikuwa na zebaki. Mwananchi alibaki na kijiko mkononi bila kujua amwamini nani. Kiwango bila maabara inayoaminika, na bila matokeo kutangazwa waziwazi, ni maandishi tu.

Pengo liko wapi?

Tazama jinsi kazi ilivyogawanywa. Taka hatari ni za NEMA. Jaa ni la serikali ya kaunti. Bidhaa za viwandani ni za KEBS. Usafi wa chakula sokoni ni wa maafisa wa afya ya umma, ambao tangu ugatuzi wa mwaka 2013 wako chini ya kaunti. Kila mmoja ana kipande chake cha njia. Risasi inapita njia nzima.

Pakiti ya unga ina alama, ina namba, ina anwani ya mtengenezaji. Ikipatikana na sumu, inaweza kuondolewa madukani. Shada la sukuma wiki halina alama yoyote. Samaki wa kukaanga hana alama. Sufuria iliyosubiwa kutokana na vyuma kuukuu haina alama. Na hivyo ndivyo vitu ambavyo mkazi wa kawaida wa mjini hutumia kila siku.

Suala la sufuria linastahili neno zaidi. Mafundi wengi barani Afrika huyeyusha vipuri vya magari, rejeta, mikebe na vyombo vibovu, kisha husubu sufuria. Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo ya vipimo vya sufuria za namna hiyo kutoka Kameruni. Waligundua kwamba risasi hutoka kwenye sufuria na kuingia katika chakula, hasa chakula chenye uchachu. Fundi hana nia mbaya. Hana kipimo cha kujua kilichomo katika vyuma anavyonunua kwa kilo.

Kuna pia odowa, yale mawe laini ambayo akina mama wajawazito hununua sokoni na kutafuna. Udongo wa kuliwa wa namna hiyo umepatikana na risasi ulipopimwa katika nchi mbalimbali. Mama anautafuna akiwa mjamzito, wakati ule ule ambapo mwili wake uko tayari kufyonza madini kwa wingi. Hamu ya kula udongo mara nyingi huandamana na upungufu wa damu, kwa hivyo dawa yake iko kliniki.

Inawezekana

Usije ukakata tamaa, msomaji. Sheria zikisimamiwa, hufanya kazi, na mfano uko kwenye matangi ya magari yetu. Kwa miaka mingi petroli ilitiwa risasi na kila gari lilikuwa likiitema hewani. Mwaka 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana jijini Dakar kuachana nayo, na kufikia mwanzo wa 2006 ilikuwa imeondolewa, Kenya ikiwa mojawapo. Nchi ya mwisho duniani, Algeria, iliacha kuiuza mwaka 2021.

Rangi za nyumba nazo zimewekewa mpaka wa sehemu 90 za risasi kwa kila milioni, kiwango ambacho UNEP inazihimiza nchi zote kukifuata na ambacho Kenya imekikubali.

Mfano mwingine unatoka katika nchi ya Bangladesh, huko Asia. Wafanyabiashara walikuwa wakitia manjano, kile kiungo cha pilau, rangi ya sumu yenye risasi ili ing'ae. Mwaka 2019 karibu nusu ya manjano yaliyopimwa sokoni yalikuwa na risasi. Serikali ilitangaza matokeo magazetini, ikabandika maonyo masokoni, ikawatoza faini wauzaji hadharani. Mapema mwaka 2021, wapimaji hawakupata hata sampuli moja yenye sumu hiyo. Bangladesh si nchi tajiri. Ilifaulu kwa sababu maabara, maafisa wa soko na wananchi walifanya kazi pamoja.

Ufanye nini nyumbani?

Kwanza, fahamu kwamba moto hauui madini. Kuchemsha maji huua vijidudu vya kipindupindu, lakini risasi hubaki, na maji yakipungua kwa mvuke huwa imezidi kukolea. Usidanganywe pia na dawa za mitishamba zinazodaiwa "kusafisha damu". Baadhi ya dawa za kienyeji zimewahi kupatikana na risasi ndani yake.

Pili, osha mboga za majani kabla ya kuzikata, jani kwa jani, kwa maji safi yanayotiririka. Risasi nyingi iliyo kwenye mboga hutokana na vumbi na udongo ulioshika juu ya majani, kwa hivyo kuosha kunasaidia sana. Menya viazi, karoti na nduma. Lakini jua kwamba kuna madini mengine, kama kadimiamu, ambayo huingia ndani ya jani lenyewe na hayaoshiki. Kwa hivyo muulize mama mboga wako zinakotoka. Wateja kumi wakiuliza swali hilo kila juma, naye ataanza kumuuliza anayemletea.

Tatu, mpe mtoto chakula chenye madini ya chuma na kalsiamu: maharagwe, ndengu, omena, maziwa, nyama ukiweza, na tunda baada ya mlo. Tumbo lililoshiba madini mazuri halipokei mabaya kwa wingi.

Nne, usipikie nyanya, ukwaju au ndimu katika sufuria ya kusubu usiyojua asili yake, wala usilaze chakula ndani yake. Vyungu vilivyopakwa rangi ya kung'aa ndani visitumiwe kwa maji ya matunda au achari.

Tano, kama wewe au mumeo ni fundi wa betri, wa rejeta, wa kulehemu au wa rangi, badilisha nguo na kunawa kabla ya kumbeba mtoto. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Usivunje betri wala kuyeyusha risasi nyumbani, hata kama ni kidogo cha kutengenezea uzito wa nyavu.

Sita, usiitupe betri ya gari jaani wala kumuuzia yeyote anayepita. Irudishe dukani unaponunua mpya, au mpe mnunuzi aliye na leseni ya NEMA. Usichome waya, wala rangi, wala vyombo vya umeme.

Saba, pangusa vumbi nyumbani kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia kikavu, na mnawishe mtoto mikono kabla ya kila mlo.

Nane, ukiishi karibu na jaa au kiwanda cha vyuma kuukuu, na mtoto ana upungufu wa damu usiokwisha, tumbo linalouma mara kwa mara au degedege zisizoeleweka, mwambie daktari mahali unapoishi na umwombe kipimo cha risasi. Daktari asiyeambiwa hatakifikiria. Ukiwa unanyonyesha, usiache kabla ya kupata ushauri wake, kwa sababu mara nyingi faida ya maziwa ya mama hupita hatari. Dawa ya kuitoa risasi mwilini ipo kwa wale walioathirika sana, lakini hutolewa hospitalini peke yake. Na haina maana mtoto akirudishwa katika udongo ule ule.

Haki yako

Unaponunua bidhaa ya pakiti, tafuta alama ya ubora. Chini yake kuna namba ya kibali. Andika SM# ikifuatwa na namba hiyo, utume kwa 20023, na KEBS itakujibu ikiwa kibali hicho ni halali. Alama ni rahisi kughushi. Namba si rahisi.

Na ukiona moshi wa kiwanda cha vyuma ukitua kwenye mabati yako, usiambiwe kwamba huna la kusema. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinakupa haki ya mazingira safi. Kifungu cha 46 kinakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Kifungu cha 35 kinakuruhusu kudai habari zilizo mikononi mwa serikali, yakiwemo matokeo ya vipimo. Na kifungu cha 70 kinasema unaweza kwenda kortini kutetea mazingira bila ya kulazimika kuthibitisha kwamba wewe mwenyewe umekwisha kudhurika.

Kifungu hicho cha mwisho ndicho kinachofaa kukaririwa na kila mzazi. Wakazi wa Owino Uhuru walikwenda mahakamani wakati watoto wao walikuwa tayari na risasi mifupani. Wewe sheria inakuruhusu kwenda mapema. Anza na barua kwa afisa wa afya ya umma wa wadi yako na nyingine kwa ofisi ya NEMA ya kaunti, weka nakala, na uandike tarehe uliyoipeleka.